Moto Hauanikiki

Mashine ya pili ilifika Soroti Jumanne
juu ya boda, imefungwa kwa mpira wa tairi kuukuu,
na sisi wa chumba cha kompyuta cha hospitali
tukaipokea kwa makofi kama mgeni wa mahari.
Mzigo ungegawanyika. Foleni ya dirishani ingepungua.
Programu niliiandika mimi. Sikuwa na wasiwasi.

Ndani ya mashine ya kwanza mambo yalikuwa mepesi:
mkondo ulioshika waya wa mashine ya kupimia damu
niliupa jina, nikauning'iniza kwenye saraka,
na kila aliyelitaja jina alipewa mkondo wenyewe,
uleule, wenye joto, unaopumua.
Nyumba moja, jiko moja. Nani angejua
kwamba hatukuwa tumetuma chochote popote?

Usiku ule mashine ya pili ikaulizia jina lilelile.
Saraka ikajaribu kuufungasha mkondo,
kuulaza baiti baada ya baiti, kuukunja, kuupitisha wayani.
Ukakataa.
Mistari arobaini ya Java, myekundu, ikajaa kiooni,
na wa juu kabisa ukasema, kwa ufupi wa karani aliyechoka,
kwamba kitu hiki hakifungashiki.

Amongin wa maabara alikuja mara tatu, glavu mkononi.
"Majibu ya wodi ya watoto yako wapi?"
Nikasema yako njiani. Hayakuwa njiani.
Akavuta kiti, akafungua daftari, akaanza kuyaandika kwa kalamu.

Saa nane za usiku nilifungua kopo la mama:
amukeke, viazi vitamu vya Desemba
alivyovikata vyembamba, akavianika juu ya mwamba
mpaka vikalia kama vigae ukivitikisa.
Hivyo husafiri. Hukaa guniani miezi sita,
na vikionja maji ya moto na karanga
hukumbuka kwamba vilikuwa viazi.

Nikatafuna, nikawaza. Viazi, sawa.
Namba, sawa. Jina la mgonjwa, tarehe, kiwango cha sukari.
Lakini mwaka ule mama alipolazwa Kumi
na jiko likatuzimikia,
hakututumia moto.
Alituma maneno kwa mwendesha baiskeli:
Kiberiti kiko juu ya mlango, kwenye kopo la chumvi.
Kuni kavu ziko chini ya ghala.
Mpulizaji ni Ikiror; anajua.

Nikaacha kutafuna.

Nikautoa mkondo kwenye saraka.
Mahali pake nikaweka kikaratasi:
aina yake, anwani ya maabara, namba ya mlango,
na jina la fundi anayejua kuujenga.
Kikaratasi ni maneno. Maneno yanakaushika.
Mashine ya pili ikauliza, ikapewa, ikasoma,
ikamwamsha fundi wake yenyewe
na huyo akanyoosha waya mpya hadi maabara.

Si uleule. Hilo liliniuma kidogo, sikufichi.
Hata moto wa Ikiror haukuwa wa mama,
ulikuwa na moshi mwingi, tulilia machozi mpaka usiku,
lakini atapa iliiva.

Juu ya msimbo nikamwachia maelezo
yeyote atakayekuja nikiwa nimehama:

*Usiufunge mkondo, guniani hautaki,*
*Moto si kitu, ni tendo, tendo halianikiki,*
*Andika jina na nyendo, fundi hataghafiliki,*
*Ajaye atauwasha, mafigani mwake upya.*

Kulipopambazuka majibu yalikuwa yakishuka
kwenye vioo vyote viwili, mstari kwa mstari.
Nikamwita Amongin aje aone.
Aliangalia. Akalinganisha na daftari lake, jina kwa jina,
mpaka mtoto wa mwisho.
"Sawa," akasema,
lakini daftari hakulifunga.
Aliondoka nalo kwapani.